Jina la Mtoto wa Tatu

Sina sababu ya kuzunguka. Mimi ndiye niliyemwambia jaji kwamba watu wanapiga kelele tu. Wengi waliokuwamo ukumbini siku ile hawakujua Kiingereza, kwa hiyo hawakuelewa nilichosema. Mimi nilielewa vizuri sana.

Naandika kwa Kiswahili, lugha niliyoiokota sokoni Mpondwe, mpakani, kwa akina mama wa Kikongo waliokuja kuuza vitenge na mawese, kwa sababu zile nyingine mbili zimeshaniharibikia. Kiingereza ndicho nilichodanganyia. Lhukonzo, lugha ya mama yangu, ndiyo niliyoionea haya. Kiswahili hakijawahi kuniona nikifanya ubaya, basi acha kinisikilize.

Miaka ile, katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi, nilikuwa karani katika ofisi ndogo mjini Kasese. Niliwaandikia watu barua na kuwajazia fomu. Kabla ya hapo nilifundisha shule ya msingi kwetu Bwera, nikaichoka chaki. Nilikuwa na viatu vya ngozi, koti moja la heshima, na Kiingereza ambacho kila mkubwa aliyekisikia alikisifu. Nilijiona mtu wa mjini, tena nilijiona sana. Na nilikuwa nimefanya jambo dogo ambalo sikulihesabu kuwa kosa: nilikuwa nimeacha kutumia jina langu.

Hili lazima nilieleze, maana bila hili huwezi kuuona ubaya wangu. Sisi Bakonzo, mtoto hachaguliwi jina lake la nyumbani. Jina linamngoja. Mvulana wa kwanza wa mama ana jina lake, wa pili ana lake, wa tatu lake, na kuendelea hivyo. Wasichana nao wana orodha yao. Ukilisikia jina la mtu, umeshajua mama yake alizaa wavulana wangapi kabla yake. Na mmoja akifa, anayemfuata hasogei kuchukua nafasi. Nafasi inabaki ya yule, hata kama alikaa duniani juma moja tu. Ukiita jina la wa tatu sokoni Bwera asubuhi ya siku ya soko, wanaume kumi watageuka. Mimi ningekuwa mmoja wao. Mimi ni wa tatu.

Chuoni, mbali na kwetu, wenzangu walilicheka jambo hili mpaka nikachoka. Nilipoanza kazi nikawa natia sahihi kwa jina la ubatizo, na lile lingine nikaliacha liwe herufi moja na nukta. Mtu akiuliza herufi hiyo ni ya nini, nilikuwa nasema ni ya babu.

Sasa, tume. Serikali ilikuwa imekubali, baada ya kelele nyingi za watu, kwamba wale waliopotea wakati wa vita vya milimani waandikwe kisheria. Ni vita vile vya miaka ya tisini, tulipoteremshwa kutoka vijijini tukakaa kambini, na vijana wakawa wanachukuliwa na watu wenye bunduki ambao mpaka leo kila mmoja anawataja kwa jina tofauti. Tume ingekaa Bwera majuma matatu, isikilize familia, halafu itoe barua yenye muhuri kwa kila aliyethibitika: fulani alichukuliwa kwa nguvu, na sheria inamhesabu kuwa amekufa.

Barua tu. Vijana wengine waliguna, barua ya nini. Lakini aliyekuwa na mtu asiye na kaburi alijua ni ya nini. Kwetu, mwili ukikosekana na kifo kikiwa na hakika, ukoo unakata mgomba na kuuzika mahali pa mwili. Watu wanakaa matanga, wanalia, wanaondoka. Hakika isipokuwapo, hakuna anayethubutu. Utamzikaje mtu ambaye labda yuko Kongo anakula? Na huyo wa labda, majirani wanaanza kusema alikwenda mwenyewe, alijiunga na waasi kwa kupenda. Mama anabaki katikati. Halii, na hanyamazi.

Tume ilitaka mambo matatu yathibitike: kwamba mtu alikuwapo, kwamba alichukuliwa, na kwamba hakurudi. Ungedhani la kwanza ndilo jepesi. Kumbe ndilo lililowatoa watu jasho, maana vitabu vya ubatizo vya milimani viliungua vitani, na kadi zilipotea kambini.

Mimi niliitwa kuwa mkalimani. Niliapa, mkono juu, kutafsiri yanayosemwa, nisiongeze wala nisipunguze. Kiapo hicho nilikipenda. Kilinipa kiti karibu na meza kuu.

Lakini hebu niwaambie jinsi nilivyokishika. Juma la kwanza alikuja mfanyabiashara mmoja wa kahawa, mtu mwenye gari, aliyempoteza mdogo wake. Wakili wa serikali akamuuliza kwa nini alikaa miezi minne kabla ya kuripoti. Yule bwana akajibu kwa ufupi tu, kwamba walidhani ameenda kwenye chumvi. Nikatafsiri, halafu nikaongeza, bila kuombwa, kwamba vijana wa kwetu huenda Kabatoro kwenye ziwa la chumvi na kukaa huko miezi bila salamu, kwa hiyo familia yoyote ingengoja. Mwenyekiti wa tume, jaji mstaafu kutoka upande mwingine wa nchi, akaandika na kunishukuru. Yule bwana alinipa lifti mpaka Kasese siku hiyo. Kwa hiyo asije mtu akaniambia kiapo kilinifunga. Kilikuwa kinafunguka vizuri tu.

Juma la pili, wakati wa chakula cha mchana, nilikaa meza moja na yule wakili wa serikali. Kijana mchangamfu, shati jeupe, hana roho mbaya. Alikuwa anapekua orodha ya mashahidi na kucheka.

"Hapa kwenu kila mtu ana jina lilelile," akasema. "Sasa polisi wanamkamataje mtu?"

"Wanawakamata kwa zamu," nikasema.

Akacheka mpaka akaweka uma chini. Nami nikacheka, nikafurahi kwamba nimemchekesha. Akaniuliza, na wewe je, wewe ni namba ngapi? Nikamwambia mimi nimekulia mjini, mambo hayo kwetu hayapo. Nilisema hivyo nikiwa nimekaa mwendo wa dakika kumi kutoka kwenye nyumba niliyozaliwa, ambako mama yangu alikuwa bado hai na bado ananiita jina langu lote. Nikikumbuka meza ile nasikia joto masikioni mpaka leo.

Kesho yake ndipo alipokuja yule mama.

Alikuwa mjane, mwenyeji wa Kyondo, juu milimani, ila baada ya kambi hakurudi, alibaki Bwera akiuza maharage. Alikuja na wanawe wawili, watu wazima. Yule wa kwanza kabisa alikuwa anafanya biashara Butembo, ndani ya Kongo, hakuweza kuja. Shemeji zake, ndugu za marehemu mumewe, walikataa kuja. Walimwambia: tume ikisema amekufa, tutakata mgomba siku hiyohiyo, lakini sisi hatuendi kuandikwa majina mbele ya serikali. Hayo aliyasema yeye mwenyewe alipoulizwa, nami nikayatafsiri.

Jaji akamuuliza jina la mtoto aliyepotea. Mama akalitaja. Lilikuwa jina langu. Hilo si ajabu, alikuwa mvulana wake wa tatu, angeitwa nani mwingine. Kazi yangu ilikuwa kulirudia tu mbele ya meza, na nililirudia upesi, nikilipindisha kidogo kama wanavyolitamka wageni.

Alieleza vizuri. Mtoto alikuwa na miaka kumi na mitano. Alitoka kambini asubuhi kwenda kuchimba mihogo shambani, na kadi yake ya ubatizo mfukoni, kwa sababu barabarani walikuwa wanawaomba vijana kadi. Watu watatu walimwona akipandishwa kwenye gari. Wawili wamekufa, wa tatu hajulikani alipo. Hakulia wakati wa kusema. Alikuwa ameshika begi la nailoni magotini, na ndani yake mlikuwa na kadi moja tu, ya mwanawe wa nne, iliyoandikwa kabla ya vita.

Wakili aliwasimamisha wale wanawe, mmoja mmoja, wakataja majina yao. Wa pili. Wa nne. Wakasema ndiyo, tulikuwa na ndugu. Wakili akasema kwa upole kwamba maneno ya ndugu hayatoshi, sheria inataka kitu kisicho na undugu na mtu. Akaichukua ile kadi, akasoma kwa sauti jina lililoandikwa juu yake, jina la wa nne, tarehe ya kale, muhuri wa parokia.

"Hii ni ya mtoto mwingine," akasema, akaiweka mezani. "Kwa hiyo mbele yetu hakuna chochote kinachoonyesha kwamba mtoto huyo aliwahi kuwapo."

Nikatafsiri. Na ukumbi wote ukaguna.

Si kwamba walikasirika kwanza. Walishangaa. Kila mtu pale, mpaka mama muuza mandazi mlangoni, alikuwa ameliona jambo lile: hapa yupo wa pili, hapa yupo wa nne, na kadi ya wa nne iliandikwa na padri kabla mtu yeyote hajapotea, kabla tume haijafikiriwa. Sasa wa nne amekuwaje wa nne? Hakuna mama wa Kikonzo anayeruka mtoto. Ushahidi ulikuwa umelala mezani na wakili ameusoma mwenyewe kwa mdomo wake. Yule mama hakuwa amelisema kwa sababu haikumpitia akilini kwamba kuna mtu duniani asiyelijua. Ni sawa na kueleza kwamba wa nne anakuja baada ya wa tatu.

Watu wakaanza kusema, wengi kwa pamoja, kwa Lhukonzo. Mzee mmoja katekista akasimama, akamwonyesha kijana wa pili kwa kidole, akamwonyesha wa nne, halafu akaonyesha nafasi tupu kwenye benchi katikati yao. Askari wa mlangoni akamfokea kwa Kiswahili: "Kaa chini, mzee. Kimya."

Jaji akavua miwani, akanigeukia. "Mkalimani, wanasema nini?"

Nimeligeuza swali hilo kila upande, miaka na miaka, nikitafuta tundu la kutokea. Sijalipata. Aliniuliza mimi. Walikuwa wamesema, na kiapo changu kilisema nitafsiri yanayosemwa. Sentensi mbili zingetosha. Lakini sentensi hizo zingeanza na neno "sisi". Kwetu sisi, Mheshimiwa. Na wakili alikuwa ananitazama na kicheko cha jana bado kiko mdomoni mwake. Nikaona atakavyouliza: kumbe na wewe? Na ile herufi yako na nukta?

"Wanapiga kelele tu, Mheshimiwa," nikasema.

Jaji akaitikia kwa kichwa, akagonga meza, akaandika, akamwita shahidi mwingine.

Balaa ni kwamba wao waliona nimesema kitu na jaji ameitikia. Walinyamaza kwa sababu hiyo, wakaridhika. Nje, karibu na bomba la maji, yule mwana wa nne, aliyekuwa anapakia mizigo Kasindi, ng'ambo ya mpaka, na kuzungumza Kiswahili cha huko, alinishika mkono kwa mikono miwili, akaniita yaya, yaani kaka mkubwa. "Yaya, umebaambia ile ya majina?" Nikaitikia kwa kichwa. Hata mdomo sikuufungua. Mama naye akaja akanishukuru, akaniita mwanangu, akaniombea.

Miezi ikapita. Barua zilipoanza kufika kwa machifu wa kata, niliomba Mungu yake iwe nzuri, kana kwamba Mungu naye ni mtu wa kufichwa mambo. Asubuhi moja mama akatokea ofisini kwangu Kasese. Alikuwa ametoka Bwera na bahasha ambayo hajaifungua. Alikuwa na wanawe, alikuwa na majirani wanaosoma, lakini alipanda gari mpaka kwangu. "Wewe ndiye uliyenisemea," akasema. "Nataka niisikie kwa mdomo wako." Akaniwekea mezani kopo la kahawa aliyoikaanga na kuitwanga mwenyewe.

Nikaifungua. Ilikuwa nusu ukurasa. Kuwapo kwa mtu anayetajwa hakukuthibitika. Ombi limekataliwa. Nilifikiri kumsomea vingine, nisiwafiche. Lakini bahasha ingesomwa na wengine, kwa hiyo nilisoma kweli, na hata hapo sikusoma kwa sababu ya wema.

Aliichukua ile karatasi, akaigeuza mbele na nyuma.

"Lakini uliwaambia," akasema. "Niliona ukiwaambia."

"Niliwaambia, mama. Hawakutaka kusikia."

Ndivyo nilivyojibu. Nilimsingizia jaji aliyevua miwani yake ili asikie. Mama akaitikia polepole. Halafu akaniuliza, kama wanavyouliza wazee wote wa kwetu, mimi kwa mama yangu ni wa ngapi. Nikamwambia. Akanitazama usoni, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Kumbe unaitwa yeye," akasema. Akaaga, akaenda zake. Ile kahawa niliinywa. Ilinichukua mwezi kuimaliza, na ilikuwa tamu.

Kisha akatuma neno. Shemeji zake wamekataa mgomba, kwa sababu serikali imesema mtoto hakuwapo. Lakini mzee mkubwa wa ukoo amesema: aje yule mkalimani, atuambie mwenyewe jaji alijibu nini alipoelezwa habari ya majina. Kama aliambiwa na akakataa, basi ana sababu anayoijua yeye, nasi hatuzidi serikali.

Nilikwenda Kyondo siku ya Jumamosi, juu ya pikipiki, na njia nzima nilikuwa napanga uongo. Nilikuwa nao tayari, mzuri, wenye maneno ya kisheria. Tulikaa uani kwa mzee, watu kama kumi na wawili, mama ameketi kwenye mkeka pembeni. Nikaanza kwa kueleza habari ya wa pili na wa nne, na nafasi ya katikati. Nilieleza vizuri, kwa Lhukonzo safi, jinsi ambavyo ningemweleza jaji.

Mzee akaniacha nimalize. "Hayo tunayajua, mwanangu," akasema. "Hapa nani asiyeyajua? Tunataka kujua jaji alisema nini ulipomwambia."

Uongo ukakataa kutoka. Sikusukumwa na ushujaa. Ni aibu iliyokuwa imefika shingoni, ikakosa pa kwenda.

"Sikumwambia," nikasema. "Aliniuliza. Nikamwambia mnapiga kelele tu."

Hakuna aliyenifokea, na hilo nililiona baya kuliko kufokewa. Mama alinitazama mara moja, kisha akatazama mikono yake. Mzee akauliza kwa nini. Nikasema nilikuwa naona haya kuwa mmoja wenu. Akasema, "Basi serikali haikukataa. Haikuulizwa." Akamwambia mtu alete karatasi, niandike.

Niliandika kwenye karatasi ya daftari, ukurasa wote: yaliyosemwa ukumbini, niliyoulizwa, niliyojibu, na ukweli wa majina. Nikatia sahihi kwa jina langu lote, la nyumbani na la ubatizo. Sikuwa nimeliandika lote tangu chuo. Mmoja wa vijana alitaka karatasi ipelekwe mjini, tume ifufue kesi. Nikasema, na hilo lilikuwa kweli, kwamba tume imeshafunga na sheria yake imeweka mwisho wa maombi, ila mwanasheria mzuri akiishika karatasi hii anaweza kubisha hodi tena. Nikasema pia kwamba mimi nitaitwa, nitaulizwa juu ya kiapo changu.

Mama akanyoosha mkono, akapewa karatasi. Hajui kusoma. Akaikunja mara nne.

"Nimengoja barua inayosema alikuwapo," akasema. "Hii inasema. Na imeandikwa jina lake chini."

Wakakata mgomba jioni hiyohiyo, kabla jua halijashuka. Wanawe wakachimba. Mimi sikupewa jembe na sikuomba. Waliuviringisha mgomba kwenye kitambaa cheupe, na mama akaichomeka karatasi yangu ndani ya kitambaa, mahali ambapo pangekuwa na kifua. Kijana yule aliyetaka ipelekwe mjini akapinga, akasema huo ndio ushahidi wetu pekee. Mama akamwambia ni wa mwanawe, aende nao. Kisha akakaa chini akalia, sauti ya mtu aliyebana pumzi miaka mingi, na wanawake wote wakaja upande wake.

Nami, wakati udongo unaanguka juu ya karatasi ile, nilifurahi. Hilo ndilo nililotaka kulifikia tangu mwanzo, na ndilo nililoliogopa. Nilisimama kwenye matanga ya mtoto mwenye jina langu, mama yake analia, na moyoni nilikuwa nasema afadhali, sasa hakuna mtu mjini atakayeisoma.

Kwa hiyo naiandika upya hapa, ili wasomaji wawepo. Nimeandika yote niliyoandika kule Kyondo, ila kitu kimoja. Utajiambia nimeyaficha majina kwa ajili ya kumstahi mama, na mimi mwenyewe nilijiambia hivyo nilipoanza. Lakini lile la chini ya ukurasa ni langu, halimhusu mama, na mara mbili nimeishika kalamu niliandike hapa, na mara zote mbili nimeishia kwenye herufi na nukta, nikaifuta.